Asome, Lakini Asifundishe: Du Bois na Barua za Maprofesa Wake

Utangulizi

Makala haya yanahusu barua ya udhamini, yaani ile barua ambayo profesa humwandikia mwanafunzi wake ili akubaliwe kusoma shahada ya udaktari, au apewe kazi ya kufundisha chuoni, au yote mawili kwa pamoja. Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuchambua barua zilizomo ndani ya riwaya na tamthilia. Tunauliza nani anamwandikia nani, anasema nini na ananyamaza wapi. Lakini barua ambayo inaamua kama mmoja wetu atakuwa msomi au atarudi kutafuta kibarua mjini, hiyo hatuichambui. Labda ni kwa sababu hatuioni. Inatiwa ndani ya bahasha, inapigwa muhuri pale penye gundi, na sisi tunabaki kukisia kilichomo.

Nimechagua kuitazama barua hii kupitia maisha ya mtu mmoja, W.E.B. Du Bois, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mwaka 1868 katika mji mdogo wa Great Barrington, Massachusetts, na kufariki mjini Accra, Ghana, mwaka 1963. Wengi wetu tunamfahamu kwa kitabu chake The Souls of Black Folk cha mwaka 1903 na kwa mikutano ya Umajumui wa Afrika. Mimi nitashughulika na miaka michache tu, 1890 hadi 1897, alipokuwa kijana anayetafuta wadhamini.

Hoja yangu ni hii: barua ya udhamini ina maombi mawili ndani yake. La kwanza ni "mruhusuni asome". La pili ni "mpeni nafasi afundishe". Maombi haya yanafanana kwa maneno lakini hayalingani kwa uzito. Ombi la kwanza linamgharimu mpokeaji karo na posho. La pili linamtaka asogee kwenye benchi, ampishe mgeni akae. Du Bois alipata sana la kwanza, na la pili akanyimwa na wale wale waliomsifu.

Mfuko wa Slater na yule Rais mstaafu

Ikumbukwe kwamba Du Bois hakufika Harvard akiwa mwanafunzi asiye na kitu. Alikuwa tayari ana shahada ya kwanza kutoka Fisk, chuo cha Weusi mjini Nashville, aliyoipata mwaka 1888. Harvard hawakuitambua kikamilifu. Wakamtaka aanze tena kama mwanafunzi wa mwaka wa tatu, naye akakubali. Mwaka 1890 akapata shahada ya pili ya kwanza, kama tunaweza kusema hivyo, na siku ya mahafali akateuliwa kuwa mmoja wa wasemaji. Hotuba yake ilimhusu Jefferson Davis, yule aliyekuwa kiongozi wa majimbo ya Kusini yaliyopigania utumwa, na magazeti yakaisifu. Walimu wake walikuwa watu wazito: William James katika falsafa, Josiah Royce, George Santayana aliyekuwa bado kijana, na Albert Bushnell Hart katika historia.

Mwaka huo huo wa 1890 gazeti la Boston liliandika maneno ya Rutherford B. Hayes, aliyekuwa Rais wa Marekani 1877 hadi 1881. Wakati huo Hayes alikuwa mwenyekiti wa Mfuko wa Slater, ulioanzishwa mwaka 1882 kwa dola 1,000,000 ili kusaidia elimu ya watu waliotoka utumwani. Kwa ufupi Hayes alisema kwamba wako tayari kumpeleka Ulaya kijana yeyote Mweusi mwenye kipaji cha kweli cha elimu, ila mpaka hapo kipaji walichokiona kwa Weusi ni cha kupiga hotuba tu.

Du Bois alisoma maneno hayo akiwa pale pale Harvard. Basi akafanya kile ambacho mwanafunzi yeyote angefanya: akaenda kwa maprofesa wake kuomba barua, nao wakamwandikia, akazituma kwa Hayes pamoja na barua yake mwenyewe. Unadhani nini kilifuata? Mwaka 1891 akajibiwa kwamba mpango wenyewe umeachwa. Yaani Mzee alitangaza mbele ya watu kwamba anatafuta mtu na hampati, mtu alipojitokeza na vyeti na wadhamini mkononi, akaambiwa hakuna tena kinachotafutwa.

Tarehe 25 Mei 1891 Du Bois alimwandikia Hayes barua ambayo, kwa maoni yangu, inastahili kusomwa kama kazi ya fasihi. Haikuwa barua ya kulia shida. Alimwambia Rais mstaafu kwamba wapo watu wengi walio tayari kumsaidia apite katika vyuo rahisi vya theolojia, na wapo walio tayari kumsaidia atumie mikono kabla hajaitengeneza akili, lakini hajampata hata mmoja wa kumsaidia apate udaktari wa Harvard. Akaongeza kwamba Mfuko unawawia Weusi radhi kwa maneno yaliyotolewa hadharani. Hebu fikiria: kijana wa miaka 23, hana baba, hana fedha, anamwambia mtu aliyewahi kukaa Ikulu ya Marekani kwamba aombe radhi!

Mwaka uliofuata aliomba tena, na mara hii wakakubali. Mwezi Aprili 1892 alipewa dola 750, nusu zawadi na nusu mkopo wa riba ya asilimia 5. Hapa pana la kujifunza kuhusu utanzu wetu. Barua za maprofesa za mwaka 1890 zilimsifia mtu yule yule, na sifa zake hazikuwa zimeongezeka sana kufikia 1892. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na barua nyingine mezani, ya mwanafunzi mwenyewe, iliyoonesha kwamba kukataa kwao kumeonekana na kumeandikwa. Barua ya udhamini inasomwa vizuri zaidi pale msomaji wake anapojua kuwa naye anatazamwa.

Berlin: sifa bila cheti

Du Bois aliingia Chuo Kikuu cha Friedrich Wilhelm mjini Berlin mwaka 1892. Huko alisoma uchumi na historia, na mwalimu wake mkubwa alikuwa Gustav Schmoller, mmoja wa wanauchumi maarufu wa Ujerumani wa wakati huo. Kwa Schmoller alijifunza kwamba hoja kuhusu jamii inajengwa kwa kukusanya taarifa mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba. Wakati huo huo aliketi katika mihadhara ya Heinrich von Treitschke na kumsikia akitamka mbele ya darasa kwamba machotara ni watu duni. Ndivyo chuo kile kilivyokuwa: chumba kimoja unapewa mbinu za utafiti, chumba cha pili unatukanwa.

Aliandika tasnifu juu ya kilimo cha mashamba makubwa na madogo Kusini mwa Marekani. Schmoller aliikubali na akawa tayari kumpeleka kwenye mtihani wa udaktari. Tatizo likawa ni kanuni ya mihula. Du Bois hakuwa ametimiza idadi ya mihula iliyotakiwa. Mwalimu wake alimwombea alegezewe, kitivo hakikukubali. Njia iliyobaki ni kuongeza muda. Mfuko wa Slater, ambao tangu kifo cha Hayes Januari 1893 ulikuwa mikononi mwa watu wengine, ulimpa mwaka wa pili na ukakataa wa tatu. Barua nzuri kutoka Berlin hazikuwatikisa.

Sasa tujiulize, nani alimzuia? Kitivo kingesema: sisi tunafuata kanuni tu. Mfuko ungesema: sisi tumekwisha kutoa vya kutosha. Kila mmoja ana jibu, na hakuna anayemchukia mtu. Lakini jumla yake ni kwamba mwaka 1894 Du Bois alipanda meli kurudi Marekani, daraja la chini kabisa, bila shahada ya Berlin. Hapa nakataa usomaji ule mwepesi unaosema kwamba palipo na profesa mwema mambo yatanyooka. Schmoller alikuwa mwema. Wema wake ulikuwa na mpaka, na mpaka huo uliwekwa na watu ambao hawakuwahi kukutana na Du Bois hata siku moja.

Udaktari bila kiti

Alipofika nyumbani aliandika maombi ya kazi kwenye vyuo vya Weusi. Wilberforce, huko Ohio, wakamjibu kwanza, naye akakubali kufundisha Kilatini na Kigiriki. Baada ya hapo Booker T. Washington naye akampa nafasi ya kufundisha hisabati Tuskegee, lakini alikuwa ameshaahidi kwingine. Pale Wilberforce alitaka kuanzisha somo la elimujamii, uongozi haukutaka. Mtu aliyefunzwa na Schmoller akawa anafundisha vitenzi vya Kilatini.

Mwaka 1895 Harvard wakampa udaktari wa falsafa, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuupata katika chuo hicho. Tasnifu yake ilihusu kukomeshwa kwa biashara ya watumwa kutoka Afrika kwenda Marekani, 1638 hadi 1870. Mwaka 1896 Harvard waliichapa iwe juzuu la kwanza kabisa katika mfululizo wao wa vitabu vya historia. Ndugu msomaji, hebu tulia hapo kidogo. Chuo kinamchagua mtu aufungue mfululizo wake wa vitabu. Kinaridhika kwamba utafiti wake unafaa kutangulia tafiti za wengine wote. Lakini hakimpi darasa. Hart, aliyemwongoza na kumwamini, aliendelea kufundisha pale kwa miaka mingi, na Du Bois hakuitwa kukaa hata kiti cha pembeni cha idara hiyo.

Mwaka huo huo wa 1896 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimwita kufanya utafiti juu ya Weusi wa Kata ya Saba mjini Philadelphia. Alipewa cheo cha mwalimu msaidizi wa elimujamii. Cheo kilikuwa cha jina tu. Hakupewa wanafunzi wa kufundisha, hakupewa ofisi, na jina lake halikuwamo katika kitabu cha orodha ya walimu wa chuo. Yeye na mkewe, Nina, walipanga chumba katikati ya kata ile ile, naye akawa anagonga mlango mmoja baada ya mwingine akiwa na karatasi zake za maswali, katika eneo lenye wakazi Weusi zaidi ya 9,000. Kazi hiyo ikazaa kitabu The Philadelphia Negro, 1899, ambacho leo kinahesabiwa miongoni mwa misingi ya elimujamii ya Marekani. Chuo kilipata kitabu, mwandishi akaenda zake. Mwaka 1897 alikuwa Atlanta, chuo cha Weusi, alikofundisha hadi 1910.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ndiyo ilikuwa hali ya nyakati zile na haifai kuwahukumu watu wa zamani kwa mizani ya leo. Mimi nasema mizani hii si ya leo. Ni ya Du Bois mwenyewe, aliyoiandika kwa Hayes mwaka 1891, na wakubwa wale waliisoma. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Barua usiyoruhusiwa kuionesha

Kuna kisa kingine cha kufunga sehemu hii. Mwaka 1900 Du Bois aliomba nafasi ya usaidizi katika usimamizi wa shule za Weusi mjini Washington. Booker T. Washington, aliyekuwa na nguvu kubwa kuliko Mweusi yeyote nchini, alimpa barua ya kumpendekeza. Muda si mrefu akamwandikia nyingine akimshauri asiitumie ile ya kwanza, kwa kuwa yeye mwenyewe ameshampendekeza moja kwa moja kwa wahusika na kwamba hivyo ndivyo maombi yatakavyokuwa na nguvu zaidi. Du Bois hakupata kazi hiyo.

Wanahistoria wanabishana kama Washington alikuwa mkweli. Kwangu mimi la kuvutia ni jinsi utanzu huu unavyofanya kazi. Mdhamini ndiye anayeshika maandishi, na anaweza kusema mawili kwa wasomaji wawili tofauti. Mwombaji hana nakala. Ndiyo maana nasema barua ya udhamini ni maandishi ya mamlaka kabla hayajawa maandishi ya sifa.

Mlango uliofunguliwa kwa mtu mwingine

Lakini mtu asifikiri nasema barua hizi hazina maana. Mwaka 1903 mwanafunzi mmoja Mweusi wa Cornell, Jessie Fauset, alikuwa akitafuta pa kufundisha wakati wa likizo. Mwalimu wake wa Cornell aliandika kwa Du Bois, ambaye sasa alikuwa Atlanta, naye akaifanyia kazi. Kiangazi cha 1904 Fauset alifundisha Fisk, chuo kile kile alichosoma Du Bois. Wakaendelea kuandikiana. Mwaka 1919 akawa mhariri wa fasihi wa jarida la The Crisis lililoongozwa na Du Bois, na mwaka 1921 jarida hilo likachapa shairi la kijana asiyejulikana aitwaye Langston Hughes. Wanaosoma fasihi ya Harlem wanajua kilichofuata.

Tofauti iko wapi? Profesa wa Cornell aliandika kwa mtu ambaye alijua Fisk inahitaji mwalimu na alikuwa tayari kusukuma. Ombi la pili, lile la "afundishe", lilimfikia mtu mwenye uwezo wa kupata kiti.

Sisi je?

Sasa nije nyumbani. Huku kwetu tangazo la kazi ya chuo linataka "wadhamini watatu wa kuaminika". Mwenzangu mmoja alimfuata mwalimu wake kuomba barua ya kwenda kusoma nje. Jibu: "Andika mwenyewe, niletee nitie saini." Akaandika. Akajisifu kidogo kwa aibu, maana nani anajua kujisifu? Barua ikaenda. Hivi kweli hapo nani kamdhamini nani?

Tunayo mifano ya kujivunia pia. Euphrase Kezilahabi, ambaye riwaya yake Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, alihitimu Dar es Salaam mwaka 1970, akafundisha sekondari, akarudi kwa shahada ya uzamili aliyoimaliza 1976 kwa utafiti juu ya riwaya za Shaaban Robert, na akawa mwalimu katika Idara ya Kiswahili. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, na kupata udaktari mwaka 1985. Alirudi kwenye darasa. Idara ilikuwa changa, iliyoanzishwa mwaka 1970, na ilihitaji walimu wake yenyewe. Msomi huyu alikwenda Marekani akiwa na pa kurudi, na vizazi vya wanafunzi wakafaidi, hadi alipohamia Chuo Kikuu cha Botswana katika miaka ya 1990. Mlinganishe na Du Bois wa mwaka 1894 akishuka melini, asijue ni chuo gani kitamjibu.

Kwa hiyo nafasi ya kufundisha ndiyo kipimo. Mwanafunzi akipewa barua tamu ya kwenda kusoma ng'ambo, na nyumbani nafasi ya Mkufunzi Msaidizi haitangazwi, au inatangazwa wakati mwenyewe ameshajulikana, hapo tumemfanyia walichofanya Pennsylvania: kazi yake tunaitaka, yeye hatumtaki. Na wale wanaobaki huko huko ughaibuni tunawaita wasaliti. Mimi siwaiti hivyo mpaka nijue kama kulikuwa na kiti.

Hitimisho

Historia ilijaribu kurekebisha kwa kuchelewa. Mwaka 1958 chuo kile cha Berlin, ambacho sasa kiliitwa Humboldt, kilimpa Du Bois shahada ya heshima ya udaktari katika uchumi. Alikuwa na miaka 90. Pennsylvania nao walimpa uprofesa wa heshima mwaka 2012, miaka 49 baada ya kifo chake. Hongera zao, lakini marehemu hafundishi.

Kwa wahadhiri wetu wanaosoma kurasa hizi nina maombi mawili tu. Kwanza, mnapotuandikia, andikeni wenyewe, kwa maneno ya mtu aliyesoma kazi zetu. Pili, mkishaandika "asome", ongezeni sentensi moja ya "afundishe", mseme ni wapi na katika somo gani, halafu mkasimame nayo kwenye kikao cha idara siku nafasi inapojadiliwa. Kwa wenzangu wanafunzi nasema tuisome ile barua ya tarehe 25 Mei 1891 na tujifunze namna ya kudai bila kupiga magoti. Wenye maoni tofauti wayalete katika toleo lijalo, mjadala uendelee.